Betri Iliyopimwa kwa Mizani ya Majani Chai

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, siku ya Ijumaa, gari letu lilikata nguvu kwenye mwinuko wa kuingia Litein, na mke wangu akafungua mkanda kabla sijasema neno. Alijua. Kwenye dashibodi ilikuwa imewaka taa ndogo yenye picha ya kobe, ambayo watengenezaji wameiweka kumwarifu dereva kwamba sasa atakwenda mwendo wa mnyama huyo hadi asimame kabisa. Tulikwenda mwendo wa kobe mpaka mbele ya duka la mbolea, tukasimama kabisa.

Tulikuwa tumetoka Mulot, ambako yeye ni muuguzi katika zahanati na hulala chumbani kwa mwenzake hadi Ijumaa, tukienda nyumbani Kapsoit. Tayari tulikuwa tumekaa Bomet muda mrefu katika hoteli ya mtu, waya ukipita dirishani hadi jikoni, tukinywa chai tusiyoitaka ili mwenye hoteli asione kwamba tumekuja kumnyonya stima. Sasa tulihitaji jikoni nyingine.

Mke wangu alikaa kwenye ngazi ya duka, mkoba juu ya magoti. Hakupandisha sauti. Wauguzi hawapandishi sauti wanapotoa habari mbaya.

"Baba watoto, nisikize. Nikipanda matatu tatu kutoka Mulot nafika nyumbani saa tatu usiku nikiwa nimekufa. Ndiyo maana ukanunua hii kitu. Sasa nikiingia kwa hii kitu nafika saa nne."

"Betri imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka na bado nafika kazini. Kuna nyumba ya wafanyakazi pale zahanati. Msimamizi ananibembeleza niichukue. Nakupa mpaka Krismasi. Ukiweka betri ya kunitoa Mulot mpaka kwa mlango wangu bila kuomba stima kwa hoteli ya mtu, nitakuja kila Ijumaa. Usipoweka, nahamia huko, nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi kama watu wa Nairobi."

Nilimwelewa. Watoto wetu wamekua na wameondoka. Nyumba yenye watu wawili, mmoja akiondoka, si nyumba tena, ni stoo yenye mlinzi.

Baba yangu alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa kuchuma chai ya kampuni, nami nikaingia kiwandani, upande wa umeme, bila cheti chochote. Nilichokijua nilikisoma mwenyewe katika vitabu vya mashine ambavyo wahandisi walivitumia kuegemezea milango. Kampuni ilipopunguza watu nilipunguzwa, na kwa sehemu ya malipo yale nikanunua gari la umeme lililokwisha kutumika Japani. Sikulinunua kwa ajili ya mazingira. Nililinunua kwa sababu lina vitu vichache vya kuharibika, na kile kimoja cha hakika kuharibika ninakielewa.

Betri ya gari kama hilo huchakaa kwa kupungua. Ni kama tangi ambalo kila mwaka kuta zake zinanenepa kwa ndani. Lilipotoka kiwandani lilibeba uniti ishirini na nne za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa simu. Siku ile ya Litein lilikuwa limebaki na kama kumi na moja. Dawa yake inajulikana. Miaka ya baadaye watengenezaji walitoa betri ya uniti arobaini na kuiweka katika kasha la umbo lile lile, lenye matundu ya bolti pale pale. Inatolewa ya zamani, inapandishwa mpya, na katikati kinawekwa kisanduku kidogo cha kutafsiri, kwa sababu kompyuta ya gari la zamani haielewi lugha ya betri mpya. Hakuna muujiza. Nimewaeleza jambo hili watu wengi pale Kapsoit na sijui hata mmoja aliyelibeba hadi nyumbani kwake. Mmoja alinishauri niongeze maji ya betri. Mwingine, mwenye shahada, aliniambia nifunge jenereta kwenye buti niwe najichaji nikitembea.

Lakini hao hawakuwa na pesa za betri. Shemeji alikuwa nazo.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu na mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kununulia majani katika eneo lao. Mke wangu ana sehemu yake ya chai katika shamba la marehemu baba yao, lakini majani yake yalikuwa yakipimwa kwa nambari ya mkulima ya kaka, na bonasi ya mwaka, yale malipo ya ziada ya kiwanda, ikiingia katika akaunti ya kaka, ambaye humpa dada yake baada ya kutoa hotuba. Mwaka ule bonasi ilikuwa nzuri. Mke wangu akasema sehemu yake yote iende kwa betri. Shemeji akasema sawa, ila yeye ndiye atakayeitafuta.

Asiyewahi kuishi katika nchi ya chai hajui msimu wa bonasi ulivyo. Wiki ile wanatokea watu ambao hujawaona mwaka mzima. Wanauza makochi, matangi ya maji, pikipiki, viwanja vya kule wasikokwenda wao wenyewe. Wana vipaza sauti na kadi za biashara. Katika msafara huo alikuja fundi mmoja aliyekodi uwanja nyuma ya kituo cha mafuta mjini Kericho na kuweka bango kwamba yeye ni daktari wa magari ya umeme. Shemeji alimpata katika siku yake ya kwanza ya kutafuta, ambayo ilikuwa pia ya mwisho.

Tulimkuta amevaa koti jeupe la maabara na viatu vya plastiki vya wazi. Betri ilikuwa chini, juu ya mbao mbili, kasha lake limeoshwa likang'aa.

"Hii imetoka kwa gari ya ajali," alisema. "Uniti arobaini. Haijatembea hata."

"Ningependa kuona volti ya kila seli," nilimwambia.

"Mzee, unanunua betri ama unasahihisha mtihani?"

Shemeji alicheka akashika kofia. "Huyo ndiye injinia wetu. Akinunua ng'ombe anataka kuhesabu meno ya ndama aliye tumboni."

"Basi nifungulie kifuniko."

"Nikifungua, garanti imekufa."

"Garanti ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni ipi inatoa garanti kwa betri iliyotolewa kwenye gari la ajali?"

Fundi alimgeukia shemeji, kama daktari anavyomgeukia mzazi mtoto anapopiga kelele. Na shemeji, ambaye katika maisha yake hajawahi kuona mgogoro usiotatuliwa kwa mizani, akapata wazo.

"Tupime," alisema.

"Tupime nini, shemeji?"

"Uzito. Kitu kikubwa ni kizito. Mimi nimekaa kwa mizani miaka kumi na tisa. Mtu anaweza kukuongelea volti, anaweza kukuongelea Japani. Akiweka kwa mizani, anyamaze."

Nilitazama uso wa fundi. Nilitegemea apinge. Alisema ni wazo la mtu mwenye akili.

Hivyo alasiri ile, lori la majani lilipokwisha kuondoka, betri ililetwa kwa pikapu hadi kituoni. Ni kibanda cha mabati chenye meza ya mbao na mizani ya kuning'inia kwenye boriti. Mizani ile ni ya kupimia magunia ya majani mabichi. Haiwezi kubeba betri nzima, kwa hiyo walifunga kamba wakainua upande wa mbele, wakasoma, kisha wakainua wa nyuma, wakasoma, wakajumlisha. Lilikuwa jambo pekee sahihi lililofanyika siku hiyo na lilifanyika kwa bahati. Kwa kuwa kamba zilikuwa zinakwaruza rangi, walikuwa wameizungushia magunia. Karani akashika kalamu.

"Mwenyekiti, nikate kilo moja ya gunia?"

"Ni magunia mawili. Kata mbili."

"Na ya maji?"

"Maji gani?"

"Kawaida tunakata ya maji."

"Hiyo ni ya majani, wewe!"

"Lakini betri huwa na maji, mwenyekiti. Ya pikipiki yangu ina maji."

Wanakamati wawili walijadili jambo hili kwa dakika kadhaa, mmoja akisema ikatwe kilo, mwingine akisema nusu, na fundi akiwa amesimama pembeni na koti lake jeupe, ametulia kama shemasi. Mwishowe wakaacha maji. Ikatoka kilo mia tatu na thelathini na tano.

"Ile ya zamani ni kilo ngapi?" shemeji aliniuliza.

Nilikuwa nimesoma. "Kama mia mbili tisini na tano."

Alihesabu kwa vidole, akapiga meza. "Arobaini! Imezidi kwa arobaini! Si wewe mwenyewe ulisema ni betri ya arobaini?"

Wanakamati walipiga makofi. Watu wazima, wenye mashamba na watoto vyuoni.

Niliongea taratibu. Niliwaambia kwamba kilo na uniti za umeme hazina undugu. Niliwaambia kwamba betri halisi ya arobaini inazidi ile ya zamani kwa kilo chache tu, kwa sababu kilichobadilika ni kemia ya ndani na si wingi wa chuma. Kwa hiyo kitu pekee ambacho mizani imethibitisha ni kwamba ndani ya kasha hili kuna mzigo ambao si betri. Nilisema mara mbili. Mara ya pili nilisema kama mtu anavyoongea na watoto wa chekechea, kwa sababu sikuona dalili nyingine mbele yangu.

"Shemeji," alisema mwenyekiti, "wewe hata ukionyeshwa kilo unataka kuona roho yake."

Akampigia dada yake simu, akaweka sauti ya nje. Kila mtu kibandani alimsikia mke wangu akiwa kazini Mulot, na mtoto wa mtu akilia nyuma yake.

"Imepimwa," kaka alisema. "Imezidi. Lakini bwana yako anakataa."

"Mpe simu."

Nilimweleza kwa ufupi.

"Wewe huongea na ndugu yangu kama unamsahihishia daftari," alisema. "Tangu unioe. Sasa hata ukisema ukweli, yeye anasikia matusi. Mimi niko na wagonjwa hapa. Nunueni, mmalize."

Sijawahi kuona kwamba ukweli unahitaji kupakwa mafuta ili upite kwa shemeji. Lakini pesa zilikuwa za mke wangu, na Ijumaa zilikuwa zake. Niliomba sharti moja: nusu ya bei ilipwe sasa, na nusu ibaki mikononi mwangu mpaka gari liende Mulot na kurudi. Fundi alikubali hapo hapo. Mwenye bidhaa nzuri hubishana. Huyu alitoa mkono kabla sijamaliza sentensi.

Aliifunga mwenyewe, kwenye uwanja wake, nami nikashuhudia kazi ambayo singeiruhusu ifanywe kwa baiskeli. Gari liliwekwa juu ya kreti za soda. Kuna kizibo cha rangi ya chungwa ambacho lazima kitolewe kwanza, kisha usubiri dakika kumi umeme uliobaki utulie, kisha uvae glavu za mpira ndipo uguse waya. Fundi alitoa kizibo, akawasha sigara, akaingia chini na mikono mitupu. Nilimwambia ile ni volti mia tatu na zaidi. Aliniambia amezoea. Alipomaliza, dashibodi ilionyesha betri imejaa na kilomita mia mbili na sitini. Shemeji aliipiga picha na kuituma katika kundi la simu la familia, ambako ilipata maombi mengi ya shukrani.

Nyumbani nina mita ya peke yake kwa ajili ya gari. Nililizungusha mpaka betri ikakaribia kwisha kabisa kwa kipimo changu, kile kifaa kidogo ninachochomeka chini ya usukani, ambacho husoma seli zenyewe na hakiulizi dashibodi maoni yake. Kisha nikalichaji usiku kucha. Asubuhi mita ilisoma uniti kumi na saba. Tangi la lita arobaini halijai kwa lita kumi na saba. Nilimpigia shemeji.

"Labda inakula polepole," alisema.

"Imeshiba, shemeji. Imekataa kuongeza."

"Ni betri ya Japani. Stima yetu bado haijaizoea."

Nilishusha simu nikaitazama, kama mtu anavyotazama kitu kilichomwuma.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya majaribio. Nilikuwa nimejitayarisha kwenda mwenyewe, na kamba ya kukokotea, na nyaya, na nambari ya simu ya mtu mwenye lori. Shemeji alifika saa sita akiwa na wanakamati wake wawili waliovaa makoti ya kanisani.

"Leo mimi ndiye namleta dada yangu," alisema. "Mwenye pesa ndiye ajaribu."

"Pesa ni za dada yako."

"Zilipitia kwangu."

"Halitafika Mulot," nilimwambia. "Litawasimamia mbele ya Bomet, kabla mshale haujashuka chini ya nusu. Ukitaka, twende wawili tu, polepole, nikuonyeshe mahali."

"Shemeji, wewe ni mtu wa kuombea gari mabaya."

Nilimpa ufunguo. Nilimpigia mke wangu nikamwambia asitegemee gari, apande matatu ya kwanza. Alijibu kwamba kaka amekwisha mpigia, amemwambia ajitayarishe saa kumi, na kwamba amechoka kusikia sisi wawili tukivutana kupitia masikio yake.

Saa kumi na dakika ishirini simu yangu ililia.

"Shemeji. Gari imesimama."

"Wapi?"

"Hapa mbele ya Bomet. Kuna mahindi kila upande. Lakini iko nusu!"

"Nusu ya nini?"

"Betri! Inaandika nusu! Betri ya nusu inasimamaje?"

"Inaandika kile ambacho kisanduku cha fundi kiliambiwa kiandike."

Nilisikia mwanakamati mmoja akimwambia amwage maji kidogo kwenye radieta. Gari hilo halina injini.

Mvua ilianza Mulot saa kumi na moja. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye lango la zahanati na mkoba wake, amevaa nguo za safari, kwa sababu ndugu yake alimpigia kumwambia amebakisha dakika tano, na alimpigia tena kumwambia hivyo hivyo. Matatu za kuelekea Bomet zilipita mbele yake naye akaziacha zipite. Giza lilipoingia, msimamizi wa zahanati alitoka na mwavuli akamwingiza ndani. Asubuhi nilipata ujumbe wake. Haukuwa na salamu. *Nimechukua ile nyumba.*

Gari lilirudi Kapsoit Jumamosi juu ya lori lililokuwa limepeleka ng'ombe Mulot, na likanuka ng'ombe mwezi mzima. Fundi alikuwa hapatikani kwa simu. Nilikwenda Kericho nikakuta uwanja wake unaoshewa magari, na kijana mwenye bomba hakujua habari za daktari yeyote. Nikaripoti kituo cha polisi. Askari aliandika "betri ya gari" akaniuliza kama nimejaribu kuisukuma.

Jumanne nilimwita shemeji na wanakamati wake, nikaitoa betri mbele yao na kufungua kifuniko. Nilitaka waone kwa macho yao, kwa kuwa masikio yao nilikuwa nimeshakata tamaa nayo. Ndani kulikuwa na seli za aina ya zamani, zile zile kama zangu ila hazijachakaa sana hivyo, kila moja imebandikwa karatasi ya ile ya arobaini. Na chini yake, zimefungwa vizuri kwa bolti, zimepakwa rangi nyeusi ili zifanane na kasha, zilikuwa bamba za chuma. Chuma cha kawaida, cha kuchomelea mageti.

Wanakamati waliinama wakatazama. Shemeji alishika bamba moja, akalinyanyua, akalirudisha.

"Kwa hivyo mizani haikudanganya," alisema.

Nilifikiri anatania. Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania. Alikuwa amefarijika.

Yule tapeli hakuwa na elimu ya umeme, lakini alikuwa amewasoma watu wa chai vizuri zaidi yangu. Alijua kwamba hapa, mbele ya bidhaa yoyote, mtu atauliza kilo. Basi akauza kilo. Na aliwauzia nani? Aliwauzia watu wale wale ambao asubuhi, kabla jua halijatoka, hunyunyizia majani yao maji ili gunia lisome zaidi, kisha huenda kukaa kwenye kamati inayokata kilo za maji. Mtu anayelowesha majani yake anaamini kwamba hakuna mwingine duniani aliyewahi kupata wazo la kuongeza uzito. Nimeishi nao maisha yangu yote, nimewaheshimu kwa kazi yao, na bado sielewi jinsi mtu anavyoweza kuwa mwizi wa mizani na muumini wake kwa siku hiyo hiyo.

Mke wangu alichukua siku moja ya likizo. Hakuja nyumbani kwanza. Alishuka Litein akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akanipigia niende. Nilimkuta amekaa sebuleni, kikombe cha mursik, maziwa ya kugandisha, mkononi hakijaguswa.

"Kaka, kesho naenda ofisi ya kiwanda," alisema. "Majani yangu yatapimwa kwa nambari yangu."

"Kwa sababu ya betri?"

"Kwa sababu ya betri."

"Mimi ndiye mkubwa wa hii boma."

"Wewe ni mkubwa. Nambari ni yangu. Na pale langoni nilinyeshewa mimi."

Kaka alinitazama akidhani nitafurahi. Nilikuwa nimefurahi. Lakini mke wangu alinigeukia pia.

"Na wewe usicheke na macho. Ungemwambia polepole siku ile kwa mizani, pengine angesikia."

"Nilimwambia mara mbili."

"Ulimwambia kama unayeongea na mjinga, mara mbili."

Alisema ile nusu iliyobaki niitumie, na ataongeza yake. Nyumba ya Mulot hairudishi. Atairudisha siku atakayofika kwa mlango wake wa Kapsoit kabla ya giza, bila kusimama popote, na si kwa maneno ya mtu. Krismasi ilikuwa imebakiza wiki chache.

Nilifanya kama nilivyotaka kufanya tangu mwanzo. Nilikwenda Nairobi kwa mtu anayevunja magari yaliyopata ajali, nikataka betri ambayo bado imo ndani ya gari lake, ili niisome ikiwa hai. Aliniruhusu, akaenda kunywa chai. Nilichomeka kifaa changu nikasoma seli moja baada ya nyingine, zote tisini na sita. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ilikuwa ndogo kuliko niliyotegemea. Hakuniuliza kama nasahihisha mtihani. Aliniuliza kama nataka risiti.

Kisanduku cha kutafsiri nilikiagiza kutoka nje, kikafika baada ya barua nyingi za forodha zilizoandikwa na watu wasiojua walichokuwa wakikitoza ushuru. Betri niliifunga uani kwangu, na wanaume wawili niliofanya nao kazi kiwandani. Tulitoa kizibo, tukasubiri dakika kumi, tukavaa glavu za mpira. Tuliishusha ya zamani kwa winchi, tukapandisha mpya, tukakaza bolti kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Jirani aliyewahi kunishauri jenereta alisimama kwenye ua akauliza kwa nini tunachukua siku nzima, ilhali yule wa Kericho alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tuliendelea na kazi. Usiku ule mita ilisoma uniti thelathini na saba, kutoka karibu sifuri hadi kujaa.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi nilifika Mulot saa nane mchana, peke yangu, bila kuchaji njiani. Niliacha gari kwenye kivuli cha zahanati, nikalichomeka kwa waya wa msimamizi muda ambao mke wangu alikuwa anakabidhi zamu, na nikamlipa msimamizi stima yake. Mke wangu aliona waya.

"Hiyo si kuomba?"

"Nimelipa. Na ni Mulot, si njiani."

Alifikiri, akakubali hoja. Akapanda, akafunga mkanda, akauweka mkono wake karibu na kifungo cha mkanda kana kwamba atahitaji kuufungua. Tulipita Bomet, tukapita Kaplong. Hapo alitoa mkono, akasema ana njaa, lakini tusisimame. Tulifika nyumbani jua lingali juu ya miti ya kampuni. Alitoka, akazunguka gari mara moja, akaingia jikoni kuwasha moto. Jumatatu nilipomrudisha Mulot, aliingia ofisini kwa msimamizi akatoka bila funguo.

Shemeji alikuja kula Krismasi kwetu. Baada ya pilau aliwaeleza wageni jinsi betri kubwa ilivyo, jinsi ilivyotafutwa kwa shida, na kwamba watu wanaodharau ushauri ndio huliwa pesa. Kisha akaniita pembeni akapendekeza ile hasara tuiite ajali na tuigawe sawa kwa watatu. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria.

"Kaka, ajali hailipwi nusu mapema," alisema.

Zile seli za fundi nilimwuzia mfugaji wa kuku wa Kapsoit, anayezitumia kuwashia vifaranga taa, na ninafikiri zinamtosha. Nikitoa pesa yake katika ile nusu ya kwanza, nikiongeza malipo ya yule fundi wa sigara kwa kuifunga na lori la ng'ombe, hasara ambayo shemeji anataka tuiite ajali ni shilingi laki moja, tisini na tisa elfu na mia tano.